Kumbukumbu ya msomaji ni amana: maadili ya taarifa katika maktaba za vyuo vikuu kwa mtazamo wa Kiislamu

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Naandika kutoka Lamu, na uzi huu nimewakusudia hasa ndugu zetu wanaofanya kazi katika maktaba za vyuo vikuu, pamoja na vijana wa Lamu na Malindi wanaokwenda kusoma Kilifi, Mombasa na Nairobi. Mimi ni mkutubi. Katika kazi hii tunafundishwa maadili ya taarifa kupitia kanuni za kitaalamu, na iliyo mashuhuri zaidi ni ile iliyopitishwa mwaka 2012 na IFLA, shirikisho la kimataifa la vyama na taasisi za maktaba, ambayo inazungumzia haki ya kupata taarifa, faragha ya msomaji, hakimiliki, kutoegemea upande na uadilifu wa mkutubi mwenyewe. Sina ugomvi na kanuni hiyo, kwa kuwa mengi yaliyomo ni mema. Linalonisumbua ni kwamba wengi wetu tunaichukua kuwa sharti la mwajiri tu, kana kwamba ukiivunja bila kuonekana na mkubwa wako jambo limekwisha, ilhali karibu kila kifungu chake kinagusa kile ambacho fiqhi yetu, yaani elimu ya sheria za dini, inakiita haki ya mja.

Uzito wake uko hapo. Mtu akikosa katika haki ya Mwenyezi Mungu, kisha akajuta, akaacha na akaazimia kutorudia, mlango wa toba uko wazi kwake. Akikosa katika haki ya mwanadamu mwenzake, wanavyuoni wanaongeza sharti la nne, kwamba amrudishie mwenyewe haki yake au amwombe radhi. Hadithi ya muflisi, yaani aliyefilisika, aliyoipokea Imam Muslim, mkusanyaji mashuhuri wa hadithi, inajulikana kwa kila aliyekaa darsani: mtu atakuja Siku ya Kiyama na sala, saumu na zaka, lakini alimtukana huyu, akamsingizia yule, akala mali ya mwingine, basi mema yake yatagawiwa aliowadhulumu mpaka yaishe. Mkutubi wa Kiislamu anapaswa kujiuliza ni nani hasa atakayesimama kumdai siku hiyo kwa sababu ya kazi aliyoifanya kwenye kaunta.

Wa kwanza ni msomaji, na kwake nitakaa zaidi kwa sababu haki yake ndiyo inayopuuzwa kuliko zote. Maktaba ya chuo kikuu ya leo inajua mambo mengi juu ya mtu. Inajua vitabu alivyoazima na alivyochelewesha, maneno aliyoyatafuta kwenye katalogi, makala alizofungua mtandaoni kwa nywila yake, na saa aliyopita langoni kwa kadi. Ukiyakusanya hayo utajua kwamba binti fulani anasoma kuhusu talaka, kwamba mwalimu fulani anasoma kuhusu maradhi ambayo hajamwambia mtu, na kwamba kijana fulani anasoma kuhusu makundi yenye silaha kwa ajili ya tasnifu yake. Kwetu Lamu, ambako tangu mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014 na kafyu iliyofuata watu wameishi na macho ya usalama kwa miaka, hakuna haja ya kueleza kwa urefu jinsi orodha ya namna hiyo inavyoweza kumdhuru asiye na hatia ikianguka mikononi mwa mtu anayesoma mada ya kitabu na kudhani kuwa amesoma moyo wa aliyekiazima.

Aya ya 12 ya Suratul Hujurat inakataza mambo matatu kwa mfuatano: dhana nyingi, upelelezi na usengenyaji. Mfuatano huo ndio hasa unaotokea maktabani. Mfanyakazi anaona kichwa cha kitabu, anaingiwa na dhana. Anafungua kumbukumbu za nyuma ili aone mtu huyu husoma nini, huo ni upelelezi. Kisha anamweleza mwenzake wakati wa chai, na huo ni usengenyaji. Katika kisa mashuhuri kinachosimuliwa juu ya Sayyidna Umar, Mungu amridhie, alipanda ukuta usiku akamkuta mtu katika maasi, na yule mtu akamjibu kwamba yeye amekosa katika jambo moja, lakini Amiri wa Waumini amekosa katika matatu: amepeleleza, hakupitia mlangoni na hakuomba ruhusa. Umar akamwacha. Ikiwa kiongozi wa umma hakuwa na ruhusa ya kuchungulia hata pale palipokuwa na maasi ya kweli, mfanyakazi wa kaunta ameipata wapi ruhusa ya kuchungulia usomaji wa halali?

Iko hadithi nyingine, aliyoipokea Abu Daud na Tirmidhi, ambayo ningependa ifundishwe kwa kila anayeanza kazi ya ukutubi. Mtume, rehema na amani zimshukie, amesema kwamba mtu akizungumza jambo kisha akageuka kuangalia huku na huku, mazungumzo hayo ni amana. Hakusema kwamba ni lazima aseme waziwazi kuwa hii ni siri. Kule kugeuka tu kunatosha. Kila mkutubi amemwona msomaji anayefika kaunta, akasubiri wengine waondoke, akatazama nyuma yake, ndipo akauliza kwa sauti ya chini zipo wapi rafu za kitu fulani. Kwa hadithi hii, amana imekwisha kufungwa kabla hajamaliza swali lake, na anayemjibu kwa sauti ambayo chumba kizima kitaisikia ameikhini.

Wapo wasiokuwa Waislamu waliosimama imara katika hili kuliko sisi. Mwaka 2005 wakutubi wanne wa jimbo la Connecticut nchini Marekani walikabiliwa na barua ya FBI, shirika la upelelezi la nchi hiyo, iliyodai kumbukumbu za matumizi ya kompyuta za maktaba, pamoja na amri ya kutomweleza mtu yeyote kwamba barua hiyo ipo. Walikwenda mahakamani, na mwaka 2006 serikali ikaacha dai lake. Hapa Kenya, ibara ya 31 ya Katiba ya 2010 inalinda faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaziweka taarifa zinazofichua dhamiri na imani ya mtu katika kundi la taarifa nyeti. Historia ya vitabu alivyoazima mtu ni nini, kama si dirisha la dhamiri na imani yake?

Simaanishi kwamba faragha haina mpaka. Ushahidi haufichwi, na aya ya 283 ya Suratul Baqara iko wazi. Hakimu akitoa amri kwa njia ya sheria, au ikijulikana kwa hakika kwamba roho ya mtu imo hatarini, hukumu inabadilika. Ninachokataa ni kutoa majina kwa sababu ya simu iliyopigwa na mtu mwenye cheo, au kwa sababu mzazi amefika ofisini anataka kujua bintiye mtu mzima husoma nini. Kwa rai yangu, njia salama zaidi ni kutoweka kabisa kisichohitajika: kitabu kikirudi kikiwa kizima na bila deni, uhusiano kati ya jina na kitabu ufutwe. Oktoba 2023 maktaba ya taifa ya Uingereza, British Library, ilishambuliwa na wahalifu wa mitandao, data za wafanyakazi na watumiaji zikaibwa na kumwagwa hadharani, na huduma zake nyingi zikazimika kwa muda mrefu. Ikiwa taasisi kubwa kiasi hicho haikuweza kulinda ilivyovihifadhi, sisi tunaotumia kompyuta moja ya kaunta kwa zamu, nywila imeandikwa kwenye karatasi chini ya kibodi, tuna udhuru gani wa kurundika kumbukumbu za miaka?

Mdai wa pili ni mwandishi, na wakati mwingine hayupo tena duniani. Aya ya 188 ya Suratu Al Imran inawakemea wanaopenda kusifiwa kwa wasiyoyatenda, na katika hadithi iliyomo ndani ya Bukhari na Muslim, anayejipamba kwa asichopewa amefananishwa na aliyevaa nguo mbili za uongo. Sijui maelezo mafupi na kamili zaidi ya hayo juu ya wizi wa maandishi. Umma ambao Abdullah bin al-Mubarak, aliyefariki mwaka 797, aliuambia kwamba isnadi, yaani mlolongo wa majina ya waliopokezana habari, ni sehemu ya dini, na kwamba bila isnadi kila mtu angesema atakalo, haukupaswa kusubiri programu ya kompyuta iukumbushe kutaja chanzo. Wazee walisema kuwa katika baraka za elimu ni kulinasibisha neno na aliyelisema. Mwanafunzi anayeiagiza akili unde imwandikie sura nzima ya tasnifu kisha akaweka jina lake, hata kama hakuna mwandishi mmoja anayejulikana aliyeibiwa, bado yumo ndani ya aya ile na hadithi ile, kwa sababu kosa lililotajwa humo ni kudai usichokifanya.

Jambo hili linatuhusu sisi watu wa Lamu kwa namna ya pekee. Muhamadi Kijuma, fundi wa nakshi, mshairi na mwandishi wa khati wa mji huu, alinakili tenzi nyingi kwa mkono wake kwa ajili ya wataalamu wa Ulaya kama Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann, na nakala hizo ziko leo katika maktaba za Uingereza na Ujerumani. Mwanafunzi wa leo anainukuu beti, anamtaja mhariri wa Ulaya na mwaka wa kuchapishwa, anaacha jina la aliyetunga na jina la aliyenakili. Kanuni za marejeo za chuo zimeridhika; je, haki ya wale wawili imetimizwa? Naona haijatimizwa, na mkutubi anayeandaa katalogi ana nafasi ya kuwarudishia, kwa kuandika jina la mtungaji na la mnakili mahali linapoweza kutafutwa badala ya kulizika katika maelezo ya ziada.

Mdai wa tatu ni aliyeweka wakfu, na hapa nitapita haraka ingawa pana mengi. Katika Msikiti wa Riyadha wa hapa Lamu, ulioasisiwa na Habib Swaleh, upo mkusanyiko wa maandiko ya mkono ambao baadhi yake yana maneno ya wakfu yaliyoandikwa juu yake. Maandiko hayo yalipigwa picha za kidijitali chini ya mpango wa British Library wa nyaraka zilizo hatarini, ambao una msingi kwamba asili hazitoki nchini na nakala za kidijitali hubaki pia kwa wenyewe. Msingi huo unakubaliana na kauli ya mafakihi kwamba sharti la mweka wakfu huheshimiwa kama matini ya sheria. Ibn Jamaa, aliyefariki mwaka 1333, alipoandika adabu za mwanachuoni na mwanafunzi alieleza kwamba aliyeazima kitabu asikikawize bila haja na asiandike pembezoni bila ridhaa ya mwenyewe, na kwamba kitabu cha wakfu kilichotolewa kwa wote wanaonufaika chaweza kunakiliwa kwa uangalifu. Picha ya kidijitali ni nakala isiyochosha karatasi, kwa hiyo sioni tatizo katika kupiga picha kwenyewe. Tatizo laweza kuja baadaye, pale chuo kikuu kinapoweka nakala ya wakfu nyuma ya ada.

Karibuni tujadiliane kwa adabu.

Mchangiaji kutoka Malindi, mwanafunzi wa chuo kikuu:

Waalaykum salaam, mwalimu. Nimekufahamu katika mengi, lakini nina swali kuhusu vitabu vyenyewe. Kitabu kimoja cha kozi kinauzwa bei ambayo mvuvi wa Malindi hawezi kumlipia mwanawe, na maktaba ina nakala moja kwa darasa zima. Tunatoa kopi ya kitabu kizima, au tunakipakua katika tovuti zisizo halali. Hadithi inasema anayeulizwa elimu akaificha atafungwa hatamu ya moto. Je, wachapishaji wanaofunga makala kwa fedha si ndio wafichaji, na sisi ni wenye kufungua?

Jibu la mwandishi wa uzi:

Ahsante, mwanangu, na swali lako ni la haki. Hadithi hiyo ni mashuhuri, wameipokea Abu Daud, Tirmidhi na Ibn Majah. Wanavyuoni walioisherehesha wameifungamanisha na elimu ambayo muulizaji anaihitaji, hasa katika dini yake, na aliyeulizwa anaijua na hana udhuru wa kuinyamazia. Kumtaka mtu akupe bure kazi aliyoiandika, kuihariri na kuichapisha ni jambo jingine. Ni kweli kwamba wanavyuoni hawakuwa na kauli moja hapa. Wapo wa Bara Hindi walioona kwamba haki ya kunakili si mali ya kuuzwa. Lakini Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha tano kilichofanyika Kuwait Desemba 1988, lilipitisha azimio namba 43 kwamba haki za utunzi ni haki zinazotambuliwa na sharia na haijuzu kuzivamia, na ndiyo kauli ninayoitegemea. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 nayo inailinda kazi ya maandishi katika uhai wa mwandishi na miaka 50 baada ya kufa kwake, huku ikiruhusu matumizi ya haki kwa ajili ya utafiti. Kopi ya sura unayoisomea ni kitu kimoja, na kopi ya kitabu kizima kinachouzwa ni kitu kingine.

Hata hivyo sitaki mzigo wote uangukie mabega yako. Maktaba inayojua kwamba ina nakala moja kwa darasa zima, na ikanyamaza, inashiriki katika kosa. Vyuo vya Kenya vimeungana tangu 2003 katika ushirika wa maktaba uitwao KLISC kwa ajili ya kununua kwa pamoja majarida na vitabu vya kielektroniki, na mpango wa Research4Life unazifungulia taasisi za nchi zenye kipato cha chini majarida mengi bure au kwa bei ndogo. Vipo pia vitabu na makala ambazo wenyewe wameziachia huria. Nimeona wanafunzi wanaomaliza miaka minne bila kuambiwa hata moja kati ya njia hizi, na kama iko elimu iliyofichwa katika mas'ala haya, basi ni hiyo, na walioificha ni sisi wakutubi.

Kuhusu nywila ya majarida: ile leseni ni mkataba, na Waislamu hufungwa na masharti yao. Ukimpa binamu yako asiye mwanafunzi, umevunja sharti ambalo chuo kililiwekea saini kwa niaba yako, na mchapishaji akikifungia chuo kizima utakuwa umewadhulumu wenzako. Mwambie afike maktabani. Leseni nyingi zinamruhusu mgeni aliyeketi ndani ya jengo.

Mchangiaji kutoka Lamu, ustadh wa madrasa:

Assalaam alaykum, sharifu. Umesema vizuri juu ya amana, lakini umekipita kifungu cha kutoegemea upande kama mtu apitaye njia asiyotaka kuulizwa. Kuna vitabu vinavyomtukana Mtume wetu na vinavyotia shubuha, yaani mashaka, katika akida ya vijana. Mkutubi wa Kiislamu anavipanga rafuni, anampa kijana wa miaka kumi na minane aliyetoka kwetu juzi, kisha anasema kwamba yeye haegemei upande. Hatashiriki katika dhambi ya upotevu wake?

Jibu la mwandishi wa uzi:

Waalaykum salaam, ustadh wangu. Nakiri kwamba hapa kanuni ya kitaalamu na dini yetu hazisemi neno lile lile. Sisi hatukuamrishwa kutokuwa na upande. Tumeamrishwa uadilifu, hata kwa watu tunaowachukia, kama ilivyo katika aya ya 8 ya Suratul Maida. Mkutubi Muislamu ana upande, naye haufichi. Lakini uadilifu unamzuia kufanya jambo ambalo wengine wanaliona kuwa ni jihadi ndogo, nalo ni kukificha kitabu cha chuo nyuma ya rafu au kukiandika kuwa kimepotea. Kitabu hicho kimenunuliwa kwa fedha ya umma na yeye amekabidhiwa. Kukificha ni khiyana ya amana na ni uongo katika rejesta, na haki haisimamishwi kwa njia hizo.

Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, hakuwajibu wanafalsafa mpaka alipokisoma chote walichokiandika, akaeleza madhumuni yao kwa uaminifu kiasi kwamba wapo waliomdhania ni mmoja wao, ndipo akawapinga. Alisema kwamba hawezi kuujua ubovu wa elimu fulani asiyeifikia upeo wake. Sasa yule mwanafunzi wetu wa uzamili anayetaka kuijibu shubuha atakijibuje asichoruhusiwa kukisoma? Ninalolitaka ni kwamba kila penye kitabu cha shubuha pawe na majibu ya wanavyuoni, yamenunuliwa, yameingizwa kwenye katalogi na yanapatikana. Mara nyingi upungufu wetu uko hapo. Katika mpango wa Dewey wa kupanga vitabu kwa namba za mada, ambao maktaba nyingi huufuata, Uislamu wote umebanwa katika namba 297, ilhali Ukristo umepewa kuanzia 220 hadi 289. Mkutubi asiyejua fiqhi wala hadithi huirundika fiqhi, tafsiri na sira mahali pamoja, na kijana anayetafuta jibu halioni. Kupanga vizuri ni kazi ya dini kwa mwenye kuikusudia.

Chuo cha Kiislamu kina haki ya kuweka sera yake ya ununuzi, mradi iandikwe wazi na ijulikane kwa kila anayejiunga. Na picha za uchi na mfano wake si elimu, kwa hiyo sizihesabu katika mjadala huu. Kuhusu kijana wa miaka kumi na minane uliyemtaja, ustadh, yeye ni mtu mzima mwenye taklifu, yaani anayewajibika mwenyewe kwa matendo yake. Malezi yake tulipaswa kuyakamilisha katika madrasa zetu. Tusimtake mtu wa kaunta ayakamilishe kwa kumnyima kitabu.

Mchangiaji kutoka Lamu, mhitimu:

Mwalimu, shikamoo. Mimi nimemaliza chuo na ajira hakuna. Kama vijana wengi wa Kenya, nimekuwa nikiandika insha za wanafunzi wa ng'ambo kwa malipo, na hutumia nywila ya maktaba ya mdogo wangu kupata makala. Sijamwibia mtu, kwa sababu mteja ameridhia na amenilipa. Nataka kujua kama kipato hiki ni halali, kwa sababu nalisha nacho wazee.

Jibu la mwandishi wa uzi:

Marahaba, dada yangu, na Mwenyezi Mungu akujalie kheri kwa wazee wako. Mimi si mufti, na ni vyema umuulize mwanachuoni unayemwamini, nitakupa ninavyoelewa. Ridhaa ya mteja haitoshi, kwa sababu si yeye peke yake anayehusika. Yupo mwalimu anayedanganywa, wapo wanafunzi wenzake walioandika wenyewe wakapata alama za chini, na yupo mgonjwa au mteja atakayehudumiwa kesho na mtu mwenye shahada asiyoistahili. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipotia mkono katika rundo la nafaka akakuta umajimaji chini, alisema kwamba mwenye kughushi si katika sisi, na aya ya 2 ya Suratul Maida inatukataza kusaidiana katika dhambi. England imelifanya tendo la kutoa au kutangaza huduma hiyo kuwa kosa la jinai kwa sheria ya mwaka 2022. Na nywila ya mdogo wako nimekwisha kuieleza hapo juu.

Ujuzi ulionao, lakini, ni mali. Anayeweza kuandika insha kwa Kiingereza kizuri anaweza kusahihisha lugha ya tasnifu ambayo mwenyewe ameiandika, kufasiri, kupanga marejeo, kufundisha uandishi na kuandaa katalogi za maandiko ya mkono ambayo bado yako majumbani mwetu. Malipo yake mwanzoni ni madogo kuliko hayo unayoyapata, na sitakudanganya katika hilo. Anza kwa kupunguza, na umrudishie mdogo wako nywila yake leo.

Mchangiaji kutoka Malindi, mfanyakazi wa maktaba:

Ndugu yangu katika kazi, nimesoma yote na moyo umenigonga. Zamani nilikuwa nikifungua kumbukumbu za wasomaji na kuzungumza na wenzangu juu ya watu. Umesema haki ya mja haifutwi mpaka niombe radhi. Je, niwafuate watu hao mmoja mmoja niwaambie?

Jibu la mwandishi wa uzi:

Wanavyuoni wamehitilafiana katika hili. Wapo waliosema ni lazima umtake radhi uliyemsengenya, na wapo waliosema kwamba ikiwa habari haijamfikia, na kumwambia kutamuumiza na kuzua uadui, basi umwombee maghfira na umtaje kwa kheri mbele ya wale wale uliomsema kwao. Mimi nakuona uko karibu zaidi na hali ya pili, isipokuwa kwa mtu ambaye unajua kwamba maneno yako yalimfikia au yalimdhuru, kwa mfano akaitwa na mkubwa wake au akavunjikiwa na posa. Huyo mfuate. Na kwa wale wenzako wa kaunta uliozungumza nao, waambie waziwazi kwamba yale yalikuwa amana, kisha muombeni mkuu wa maktaba aiwekee mipaka ruhusa ya kufungua historia za wasomaji, iwe kwa anayeshughulikia madeni na vitabu vilivyopotea tu, na kila anayeifungua jina lake libaki limeandikwa.